Paka wa Zouma, Mbwa wa Vick na Suala la Msamaha

Usiku wa Jumanne, tarehe 8 Februari 2022, nilikuwa kwenye kibanda cha mpira Kawangware tukitazama West Ham wakicheza na Watford. Kila Kurt Zouma, beki wa West Ham, alipogusa mpira, uwanja ulizomea, na waliozomea hawakuwa wa Watford peke yao, hata mashabiki wa timu yake walikuwemo. Siku moja kabla ilikuwa imesambaa video akimpiga paka wake teke jikoni, akimrushia viatu, kisha akimzaba kofi akiwa mikononi mwa mtoto. Aliyekuwa akirekodi ni mdogo wake.

Kibandani watu walicheka. "Yaani mtu anazomewa kwa ajili ya paka?" aliuliza jamaa aliyekaa mbele yangu, na benchi zima likamuunga mkono. Usiku ule sikuwa na jibu. Tangu hapo nimeusikia mjadala huu mara nyingi, kwenye matatu, kinyozi, kazini, na kauli zinazotolewa ni zilezile. Baadhi zina chembe ya ukweli, ndiyo maana nimeona nizijibu moja moja.

"Hayo ni mambo ya Wazungu"

Hii ndiyo kauli ya kwanza, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatunyang'anya kitu ambacho ni chetu. Mtoto aliyepita madrasa hapa Eastleigh anajua habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie mwenyewe. Anajua pia habari ya yule mwenye dhambi aliyesamehewa kwa kumtekea mbwa mwenye kiu maji ya kisima kwa kiatu chake. Aliyekulia Sunday school amefundishwa kutoka Mithali kwamba mtu mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Hakuna aliyesubiri video kutoka London ndipo ayajue haya.

Sheria nayo ipo. Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumbebesha mzigo unaomzidi nguvu na kumfanyisha kazi akiwa na jeraha. Shirika la KSPCA, lililo Karen kando ya Barabara ya Lang'ata, limekuwa likiokoa mbwa, paka na punda wa mji huu kwa miaka mingi. Na biashara ya ngozi za punda ilipokuwa ikimaliza punda wetu, hadi serikali ikapiga marufuku uchinjaji mnamo Februari 2020 (Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata), waliopiga kelele walikuwa wenye punda wenyewe, watu wa mikokoteni na maji, ambao wanyama wao walikuwa wakiibwa usiku.

Sehemu moja ya kauli hii ni nzito, na siwezi kuiruka. Michael Vick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alipofungwa kwa kesi ya kupiganisha mbwa, Wamarekani Weusi wengi waliuliza kwa nini mtu mweusi afungwe karibu miaka miwili kwa ajili ya mbwa katika nchi ambamo watu waliowaua Weusi wametembea huru. Swali hilo ni la haki kabisa. Lakini linaishitaki mahakama. Halimpunguzii maumivu mbwa aliyezamishwa majini.

"Ametumikia kifungo, arudishiwe kila kitu"

Kwa msomaji ambaye hakufuatilia: Vick alikuwa mrushaji mkuu wa mpira wa Atlanta Falcons katika ligi ya NFL, na mwaka 2004 alikuwa ametia saini mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 130. Aprili 2007 polisi walipekua nyumba yake huko Surry, jimbo la Virginia, wakakuta mbwa zaidi ya 50 wa kupiganishwa. Mwanzo alikana. Agosti mwaka huo alikiri kosa la kula njama, na katika maelezo aliyoyatia saini alikubali kwamba mbwa kati ya sita na wanane walioonekana hawafai kupigana waliuawa, wengine kwa kunyongwa, wengine kwa kuzamishwa. Desemba alihukumiwa miezi 23. Alipotoka mwaka 2009, NFL ilimruhusu kurudi na Philadelphia Eagles wakamchukua.

Mimi naunga mkono kurudi kwake uwanjani. Mtu akimaliza adhabu yake lazima afanye kazi, na kazi aliyoijua ni ile. Tukimfungia riziki aliyetoka jela tunamhukumu mara ya pili bila hakimu. Zouma naye alihukumiwa Juni 2022 afanye saa 180 za kazi za jamii na asifuge paka kwa miaka mitano. Klabu ilimtoza mshahara wa wiki mbili, pauni 250,000, zikaenda kwa mashirika ya wanyama. Aliendelea kucheza, na sioni ubaya.

Watu huchanganya mambo wanapofika kwenye udhamini. Mkataba wa kucheza ni kazi: unalipwa kwa sababu unarusha mpira au unakaba washambuliaji. Mkataba wa udhamini unalipia jina na sura, yaani unawaambia watoto, "Tamani kuwa kama huyu." Hakuna mahakama popote duniani inayomdai mtu yeyote akupe hicho. Hata mwanamichezo asiye na doa hana haki nacho, anapewa tu. Kwa hiyo anayesema Vick au Zouma "amenyimwa haki yake" kwa kukosa tangazo la viatu anatumia neno haki mahali lisipokaa.

Unahodha ni kitu kingine tena, na hapo nilitikisika. Agosti 2023 West Ham walimvisha Zouma kitambaa cha nahodha, wakati marufuku ya kufuga paka ilikuwa bado ina takriban miaka minne mbele. Kukaba ni kazi yake, sawa. Kitambaa kile ni heshima, na heshima ingeweza kungoja.

"Kampuni yenyewe imemsamehe, wewe ni nani?"

Kampuni haisamehi. Kampuni hupiga hesabu. Nike waliuvunja mkataba wa Vick Agosti 2007, alipokiri kosa. Wakamrudisha Julai 2011. Katikati ya tarehe hizo alikuwa amefanya mambo ya maana, nitayataja, lakini pia alikuwa amecheza msimu wa 2010 vizuri mno hadi akatajwa mchezaji bora aliyerejea. Angecheza vibaya msimu ule, je, simu ingelia? Sidhani. Adidas nao waliachana na Zouma siku chache tu baada ya video, kabla hata mahakama haijamsikiliza, na sioni kama ilikuwa kwa sababu waliwapenda paka kuliko wengine. Mikataba hii huwa na kipengele cha maadili kinachoiruhusu kampuni kujitoa jina linapochafuka, na kipengele hicho kimewekwa kulinda mauzo.

Basi tangazo jipya lisichukuliwe kama cheti cha toba, wala kuvunjwa kwa mkataba kusichukuliwe kama hukumu ya dhamiri.

Sisi Wakenya tumeshazoea mjadala huu kwa upande wa dawa za kusisimua misuli. Asbel Kiprop alipewa dhahabu ya mita 1,500 ya Beijing 2008 baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kunaswa. Miaka kumi baadaye Kiprop mwenyewe alinaswa, akafungiwa miaka minne. Kwenye dopi aliyeibiwa anajulikana, ana ulimi, na medali inaweza kumfikia hata ikichelewa. Paka hana wa kumrudishia. Wala hawezi kusema, "Nimekusamehe, yaishe." Kila msamaha tunaoutoa katika kesi hizi tunautoa kwa niaba ya asiyetutuma, na hilo linapaswa kutufanya tuutoe taratibu.

"Wale mbwa walikuwa wa kuuawa tu"

Hapa ndipo ukweli ulinishangaza kuliko pengine popote. Zamani mbwa walionaswa kwenye mapigano waliuawa kesi ikiisha, kwa imani kwamba hawabadiliki. Hata mashirika makubwa ya kutetea wanyama ya Marekani yalishauri mbwa wa Vick wauawe. Mahakama ikakubali kila mmoja apimwe peke yake. Aliyeuawa kwa sababu ya ukali alikuwa mmoja. Mmoja, kati ya takriban hamsini! Wengine walipata nyumba na makao. 22 walipelekwa Utah kwa shirika la Best Friends. Waliopimwa wengi hawakuwa wakali hata kidogo, walikuwa waoga: walilala kifudifudi sakafuni na kukataa kunyanyuka mtu akiingia. Mmoja wao, Jonny Justice, alifunzwa kukaa kimya huku watoto wanaojifunza kusoma wakimsomea vitabu. Shirika la Humane Society, lililokuwa limeshauri wauawe, lilibadilisha msimamo wake mwaka 2009.

Na gharama? Mahakama ilimwamuru Vick alipe takriban dola 928,000 za kuwatunza. Kwangu mimi fedha zile zina uzito kuliko machozi yoyote ya mbele ya kamera, kwa sababu zilimfikia aliyeumizwa.

"Ameomba radhi, tuendelee"

Radhi ya maneno ni mlango tu. Charlotte Dujardin, Mwingereza mwenye medali sita za Olimpiki za farasi, alijiondoa Paris 2024 baada ya video kutoka akimchapa farasi miguu kwa mjeledi mrefu wakati wa mafunzo. Aliomba radhi siku hiyohiyo. Shirikisho la kimataifa lilimfungia mwaka mmoja na kumtoza faranga 10,000 za Uswisi. Alichapa, akakiri, akalipa, mwaka ukaisha. Swali ni nini kitabadilika kwenye zizi ambalo hakuna anayerekodi.

Vick, kwa haki yake, alikwenda mbali zaidi ya alichoamriwa. Alizunguka na Humane Society akizungumza na vijana wa mitaa inayopiganisha mbwa, na Julai 2011 alikwenda bungeni Washington kuunga mkono sheria ya kuwaadhibu hata watazamaji wa mapigano hayo. Mwaka 2014 jambo hilo likawa sheria. Wapo wanaosema alitumwa na washauri wake wa biashara. Huenda. Lakini sheria ipo. Hata hivyo naona Nike waliharakisha: mwezi uleule wa Julai 2011 ambao alikuwa Washington, tayari mkataba ulikuwa umetiwa saini, na muda wake wa kukatazwa kufuga mbwa ulikuwa haujaisha. Mtu ambaye mahakama bado haimwamini na mbwa mmoja nyumbani hafai kuwekwa kwenye bango. Wangengoja.

Mimi toba nimeiona kwa karibu mara moja tu. Kwenye Barabara ya Naivasha kuna jamaa anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda, mitungi ishirini ya lita ishirini kwa safari. Nilikuwa simpendi. Punda wake alikuwa na kidonda mgongoni, pale mkanda unapopita, chenye upana wa kiganja, nzi wamejaa, naye alikuwa akimchapa papo hapo kwenye kidonda kwa sababu ndipo palipomfanya aende haraka. Nilimfokea siku moja mbele za watu na haikusaidia kitu. Aliyemgeuza ni mama mmoja anayeuza mboga pale kituoni, mteja wake wa kila siku, aliyemwambia hatanunua tena maji yake mpaka kidonda kipone.

Alipoteza wiki tatu za kazi punda akipumzika. Akanunua sifongo ya godoro kuukuu, akaishonea ndani ya gunia, akaiweka chini ya mkanda. Sasa anabeba mitungi kumi na miwili badala ya ishirini, na fimbo sijaiona. Hakumwomba mtu yeyote amsamehe, na mama wa mboga alirudi kununua bila kusema neno. Juzi nilisimama karibu nao kivulini. Pale palipokuwa na kidonda manyoya yameota tena, ila yametoka meupe.