Ofseti ni nini, na kwa nini faili linarudi sifuri mtandao ukikata

Ofseti ni namba moja tu: idadi ya baiti za faili ambazo upande wa pili umeshazipokea na kuzihifadhi. Ikiwa 0, hakuna kilichofika. Ikilingana na ukubwa wa faili, kazi imekwisha. Programu inayoijua namba hiyo kwa usahihi huendelea pale ilipoishia; isiyoijua huanza upya, na bando la mtu linaliwa mara mbili kwa faili lile lile.

Chukua mteja aliye ndani ya basi kutoka Mbagala, anamtumia fundi wa mabango wa Kariakoo mchoro wa MB 40. Basi linafika Mtoni, mtandao unakata. Anapiga simu: "Fundi, imefika?" Anajibiwa: "Bado dada, huku naona inazunguka tu." Lakini kwenye simu ya mteja mstari unaonyesha asilimia 60.

Hiyo asilimia 60 ndiyo inayodanganya. Programu inaposoma faili na kuandika kwenye soketi (mlango wake wa kwenda mtandaoni), mfumo wa simu huzipokea baiti na kuziweka kwenye bafa, yaani sehemu ya RAM ambako zinasubiri zamu ya kutoka. Programu inaambiwa "tayari", inasogeza mstari. Kumbe baiti bado zimo ndani ya simu. Mtandao ukikata hapo, zilizokuwa kwenye bafa zinapotea, na mstari umeshazihesabu. TCP, yaani kanuni za kusafirisha data mtandaoni, inahakikisha mpangilio wa baiti ndani ya muunganisho mmoja. Muunganisho ukifa, haikuachii hesabu yoyote ya kuaminika. Na simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda data, anwani inabadilika na muunganisho wa TCP unakufa hata kama mtumiaji hajaona kitu.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ofseti haisemwi na anayetuma. Inasemwa na anayepokea.

Tuiangalie kwa namba. Faili lina baiti 41,943,040, linatumwa kwa vipande vya baiti 1,048,576, jumla vipande 40. Simu inaamini imemaliza vipande 24, yaani baiti 25,165,824. Seva, yaani kompyuta ya upande wa pili, ilipokea vipande 23 kamili na baiti 310,000 za cha 24. Mtandao ukirudi, programu iliyoandikwa vizuri haitumi chochote kwanza. Inauliza. Kwa itifaki (kanuni za mazungumzo) ya tus, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, mazungumzo yanakwenda hivi (HEAD inauliza, PATCH inatuma; nimeacha mistari isiyohusu ofseti):

HEAD /faili/8f3c
→ Upload-Offset: 24427248

PATCH /faili/8f3c
Upload-Offset: 24427248
Content-Type: application/offset+octet-stream

Baada ya jibu la HEAD, programu inaruka ndani ya faili hadi baiti hiyo na kusoma kipande kimoja tu. Kwa Python ni mistari miwili: f.seek(24427248), kisha f.read(1048576). Seva ikikubali inajibu 204 (namba ya jibu yenye maana ya "sawa") pamoja na ofseti mpya.

Sasa fikiria programu imeamini hesabu yake yenyewe na kutuma kuanzia 25165824. Seva inayofuata tus inakataa kwa 409 (mgongano), na huo ni msaada. Seva iliyoandikwa kwa haraka inabandika tu kila kinachokuja mwishoni mwa faili. Matokeo yake kuna pengo la baiti 738,576 katikati, na faili linakuwa fupi kwa kiasi hicho hicho. Picha ya JPEG ya namna hiyo mara nyingi hufunguka, lakini chini rangi zimevurugika au kuna kijivu kitupu. Faili la zip mara nyingi hukataa kufunguka. Fundi anamlaumu mteja, mteja anailaumu simu.

Wazo lenyewe si jipya. FTP, itifaki ya zamani ya kuhamisha faili, kwenye hati yake ya kanuni RFC 959 ya mwaka 1985, tayari ilikuwa na amri ya REST ya kuanzia katikati. Kilichobadilika ni kwamba leo kati ya simu na seva yako kuna mtu wa tatu, na mara nyingi mtu huyo ni nginx, programu inayopokea maombi na kuyapeleka kwa programu nyingine. Kwa kawaida yake nginx hulikusanya ombi zima kwanza, ndipo ilipeleke kwa programu iliyo nyuma yake. Kipande kikikatika njiani, programu yako haioni hata baiti moja ya kile kipande. Kwenye mfano wetu zile baiti 310,000 zingetupwa na ofseti ingekuwa 24117248. Ukitaka zifike, weka proxy_request_buffering off. Jingine la nginx: client_max_body_size ni MB 1 usipoigusa. Kipande cha baiti 1,048,576 kinapita kikiwa peke yake, lakini ukikifunga ndani ya fomu ya multipart, inayoongeza mistari yake, kinazidi kidogo na unapata 413 (ombi kubwa mno). Watu wamekesha kwa hilo.

Kipande kiwe kikubwa kiasi gani? Hesabu mwenyewe. Tuseme kila ombi na jibu lake kwenda seva ya Ulaya na kurudi ni sekunde 0.2. Vipande vya KB 64 kwa faili letu ni 640, sawa na sekunde 128 za kusubiri majibu tu. Vipande vya MB 1 ni 40, sawa na sekunde 8. Ukipanda hadi MB 8, kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde kila kipande kinachukua kama sekunde 67, na nyuma ya nginx inayokusanya, kukatika sekunde ya 60 kunapoteza karibu chote. Kwa mtu aliye njiani, MB 1 ni mahali pazuri pa kuanzia. Hifadhi za wingu zina masharti yake: S3 ya Amazon haitaki sehemu chini ya MB 5 isipokuwa ya mwisho, na sehemu za kazi isiyokamilika hubaki na kulipiwa mpaka uzifute. Usiweke faili ndani ya JSON (data ya maandishi) kwa Base64, yaani kwa kugeuza baiti ziwe herufi. Hiyo MB 40 inakuwa MB 53 na ushee, na yote inataka kukaa kwenye RAM kwa pamoja.

Upande wa kupakua, ofseti ni ukubwa wa kile kilichoko tayari kwenye diski. Unaomba Range: bytes=24427248- pamoja na If-Range yenye ETag (alama ya toleo la faili) ya mwanzo. Jibu likiwa 206 (sehemu ya faili), bandika mwishoni. Likiwa 200, seva inakupa faili zima kuanzia mwanzo, ama kwa sababu limebadilika, ama haijui Range. Hapa ndipo wengi huteleza: wanabandika bila kuangalia namba ya jibu, faili linakuwa na mwanzo mara mbili. Pakua kwenye jina lenye .part, na ulibadilishe jina likikamilika tu.

Kwenye simu, ofseti peke yake haitoshi kama programu itauawa. Hifadhi kwenye hifadhidata ndogo anwani ya kazi kwenye seva, ukubwa wa faili na tarehe lilipobadilishwa. Tarehe ni muhimu hasa kwenye kompyuta: mtu akihifadhi mchoro upya katikati ya kutuma, nusu ya faili ni ya zamani na nusu ni mpya. Ikibadilika, anza upya. Android haikupi njia ya faili bali URI (anwani ya kuliombea faili), na ruhusa yake inaweza kuisha programu ikifungwa. Chukua ruhusa ya kudumu kupitia ACTION_OPEN_DOCUMENT, au nakili faili kwanza. WorkManager, mratibu wa kazi za nyuma wa Android, nayo husimamisha kazi ya kawaida baada ya dakika kama 10, kwa hiyo kazi ijiandae kukatwa. iOS inakubali kupakia ikiwa nyuma ya pazia kutoka kwenye faili la diski tu, si data iliyo kwenye RAM.

Ujumbe una ugonjwa wa jamaa moja. Seva imepokea "Faili hilo fundi", jibu limepotea, simu inatuma tena, fundi anaona mara mbili. Ujumbe hauna ofseti, kwa hiyo simu iupe UUID (namba ya kipekee) kabla ya kuutuma mara ya kwanza, na hifadhidata ya seva ikatae UUID iliyojirudia huku ikijibu kama kawaida. Faili litangulie, ujumbe ufuate ukibeba namba ya faili lililokamilika. Tiki ya "imetumwa" iwekwe seva ikijibu, si kidole kikiachia kitufe.

Kujaribu tena nako kuna adabu: subiri sekunde 1, 2, 4, 8, na kila mara ongeza kiasi cha kubahatisha. Umeme ukirudi mtaa mzima, simu na kompyuta mia zinazojaribu sekunde ile ile zitaiangusha seva iliyoamka sasa hivi.

Jaribio halihitaji maabara. Tuma faili la MB 40, washa hali ya ndege likifika kama asilimia 60, ua programu, izime hali ya ndege, fungua tena. Kisha endesha sha256sum, amri inayotoa alama ya kidole ya faili, kwa nakala mbili. Herufi 64 zikilingana zote, ofseti yako inasema kweli. Zisipolingana, anza kwa kulinganisha ukubwa: faili fupi maana yake umeruka, refu maana yake umerudia, na ukubwa ukiwa sawa tazama kama chanzo kilibadilika njiani.