Mchonga sanamu wa kanisa wa baroko ya mwisho: maana yake kupitia kazi ya Ignaz Günther

Mchonga sanamu wa kanisa wa baroko ya mwisho, yaani wa hatua ya mwisho ya mtindo wa sanaa wa Ulaya uitwao baroko, alikuwa fundi wa karne ya 18 aliyeagizwa na abasia (makao ya watawa), parokia au chama cha waamini kuchonga watakatifu na malaika watakaokaa mahali maalumu ndani ya kanisa maalumu. Mahali hapo ndipo penye uzito katika maana yote. Mchongaji wa aina hii hakutengeneza sanamu kwanza kisha akaitafutia pa kuiweka. Alijua tangu mwanzo itasimama kwa kimo gani, mwanga wa dirisha utaipiga kutoka upande upi, na ni nguzo zipi za madhabahu zitakazoizunguka. Asiyelizingatia hilo huziona sanamu hizo kuwa na mikogo iliyopita kiasi, na kwa maoni yangu lawama hiyo haina haki.

Baroko yenyewe ilianza Roma karibu na mwaka 1600, wakati Kanisa Katoliki, baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa karne ya 16, lilipotaka sanaa inayougusa moyo wa muumini hata asiyejua kusoma. Katika Bavaria, Austria na Bohemia mtindo huo ulidumu hadi miaka ya 1770, na katika hatua yake ya mwisho ulichanganyika na rokoko, mtindo mwepesi zaidi uliofuata: miili ikawa mirefu na myembamba, mavazi yakakunjwa kwa kingo kali, na uzito wa zamani ukapungua. Miongoni mwa wachongaji wa hatua hiyo, Ignaz Günther ndiye anayefaa zaidi kuwa mfano.

Günther alizaliwa mwaka 1725 katika mji mdogo wa Altmannstein, Bavaria, akiwa mtoto wa seremala. Mwaka 1743 aliingia karakana ya Johann Baptist Straub, mchongaji wa ikulu mjini Munich, akakaa huko hadi 1750. Kisha akaanza safari ya kujifunza kama ilivyokuwa desturi ya mafundi vijana: alipita Salzburg, akafika Mannheim kwa mchongaji Paul Egell, akafanya kazi Olomouc katika Moravia, na mwaka 1753 akasoma katika Akademia ya Sanaa ya Vienna, ambako alipata tuzo. Mwaka 1754 alirudi Munich na kumwomba mtawala wa Bavaria ruhusa ya kufanya kazi chini ya ulinzi wa ikulu. Ruhusa hiyo ilikuwa na faida kubwa, kwa sababu fundi aliyeipata hakubanwa na chama cha mafundi wa mji, ambacho kwa kawaida ndicho kilichoamua nani afungue karakana na nani asubiri.

Kazi yenyewe ilianza na gogo la mti wa lindeni, ambao ni laini, hauna nyuzi ngumu na hukubali patasi kuingia kutoka karibu upande wowote. Sanamu kubwa iliyokusudiwa kuegemea madhabahu ilikombwa kwa nyuma mpaka ikabaki ganda, kwa kuwa gogo zima linapokauka, sehemu ya nje husinyaa kabla ya ile ya ndani, na hapo nyufa hutokea. Tena sanamu iliyokombwa huwa nyepesi kuipandisha juu. Baada ya kuchongwa ilipakwa matabaka ya chaki na gundi, ambayo yalikatwa na kusuguliwa upya ili mikunjo isipoteze ukali wake. Palipotakiwa dhahabu palipakwa udongo mwekundu laini, zikabandikwa karatasi za dhahabu nyembamba mno, kisha zikang'arishwa kwa jiwe la akiki. Pengine mwili wote ulipakwa rangi nyeupe na kusuguliwa mpaka ukang'aa kama kauri. Kazi hii ya rangi na dhahabu kwa kawaida haikuwa ya mchongaji. Ilikuwa ya fundi mwingine mwenye taaluma yake, na mara nyingi yeye ndiye aliyeamua uso utaonekana hai au la. Kwa hiyo tunaposema "sanamu ya Günther" tunafupisha habari za watu kadhaa.

Ushirikiano huo unaonekana vizuri zaidi katika kanisa la abasia ya Wabenedikti la Rott am Inn, lililosanifiwa na Johann Michael Fischer. Dari lilichorwa na Matthäus Günther, ambaye hakuwa ndugu wa mchongaji wetu ingawa majina yao yamewachanganya wengi. Ignaz alifanya kazi humo kati ya miaka ya 1759 na 1762, na baadhi ya sanamu zilichongwa na Joseph Götsch. Kwenye madhabahu kuu wanasimama Kaisari Henri wa Pili na mkewe Kunigunda, wote wawili watakatifu. Kunigunda amevaa kama mwanamke wa ikulu ya karne ya 18, si kama malkia wa enzi zake za takriban mwaka 1000: amegeuza kichwa kwa madaha, shingo yake ni ndefu, na ukimtazama huna hakika kama anasali au anapokea wageni. Katika kanisa hilohilo wapo Isidori, mtakatifu wa wakulima, na Notburga, mtumishi wa nyumbani, nao wamechongwa kwa uangalifu uleule aliopewa malkia. Mkulima wa vijiji vya karibu aliyeingia kusali alimkuta mtu wa hali yake akiwa amesimama mahali pa heshima.

Si kila sanamu ilikaa madhabahuni. Nyingine zilichongwa zibebwe mabegani katika maandamano ya vyama vya waamini, na hizo zilihitaji kupendeza kutoka pande zote. Malaika mlinzi wa mwaka 1763, aliyeko leo katika kanisa la Bürgersaal mjini Munich, anatembea kwa hatua pana akimshika mtoto mkono. Katika kanisa la Weyarn, ambako kulikuwa na watawa wa Mtakatifu Augustino, lipo kundi la Kupashwa Habari kwa Bikira Maria la mwaka 1764: Gabrieli anashuka juu ya wingu, na Maria amepiga magoti. Mvuto wote uko katika nafasi iliyo kati yao, nafasi ambayo mchongaji hakuigusa kwa patasi lakini ndiyo aliyoipima kwa makini kuliko vyote.

Mwaka 1770 serikali ya Bavaria ilitoa amri ya kutaka makanisa ya vijijini yajengwe kwa urahisi, bila mapambo ya kupindukia. Ladha ya wenye fedha ilikuwa tayari inaelekea kwenye utulivu wa kale wa Wagiriki na Warumi. Kazi kubwa ya mwisho ya Günther, Bikira Maria aliyempakata Kristo aliyeteremshwa msalabani, ya mwaka 1774 katika kanisa dogo la makaburini huko Nenningen, imepunguza madaha na kuacha huzuni peke yake. Alifariki Munich mwaka uliofuata.

Mwaka 1803 serikali ilizifunga abasia za Bavaria. Makanisa ya Rott na Weyarn yalinusurika kwa kugeuzwa kuwa ya parokia, lakini kwingineko sanamu nyingi ziliondolewa madhabahuni, zikauzwa au kuhamishwa, na nyingine zimeishia katika majumba ya makumbusho, ambako husimama kwenye kiweko kifupi chini ya taa ya umeme. Mtazamaji anayekutana nazo huko, uso kwa uso, huona shingo ndefu mno na macho yanayotazama chini bila sababu. Akichuchumaa na kuzitazama kutoka chini, vipimo hivyo huanza kukaa sawa.