Programu inayojitegemea: ndani ya faili la exe mna nini?

Muuza vifaa vya ujenzi wa Kariakoo hana haja ya kujua Python, lugha ya kuandikia programu, ni nini. Anachotaka ni kubofya mara mbili, dirisha lifunguke, aandike nondo na saruji zilizotoka leo. Kijana aliyemwandikia programu hiyo kwa Tkinter, maktaba ya Python ya kutengenezea madirisha, ana skripti yake, duka.py, na kwenye laptopu yake inakwenda vizuri. Akiipeleka dukani kwa flashi haifunguki, maana kompyuta ya dukani haina Python.

Dawa yake ni kuifanya iwe programu inayojitegemea, yaani faili la exe linalofunguka kwenye Windows hata pasipo Python. Wengi hudhani hapo skripti inageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kwa PyInstaller, chombo cha kufungasha skripti za Python, sivyo. Chombo hiki kinapitia kila import iliyomo (mstari unaoita maktaba), kinakusanya maktaba zinazotakiwa, kinamchukua na mkalimani wa Python mwenyewe, yule anayesoma skripti na kuitekeleza, kisha kinafunga mzigo wote pamoja. Ni mpishi wa shughuli anayekuja na sufuria zake, mafiga na mkaa. Mwenye nyumba anatoa uwanja tu. Ndiyo maana skripti ya kilobaiti chache hutoka na MB 10 hivi, na ukiwa umeita pandas, maktaba kubwa ya kuchambua data, uzito unapanda mara kadhaa.

Amri yenyewe ni fupi:

pyinstaller --onefile --windowed duka.py

Faili la duka.exe utalikuta kwenye folda ya dist. Neno --windowed linaondoa lile dirisha jeusi la maandishi. Usiliweke neno hilo mpaka umalize majaribio, kwa kuwa makosa huandikwa kwenye dirisha hilo; bila dirisha hilo programu inaweza kufa kimya ukabaki unakodoa macho.

Penye mtego hasa ni --onefile, inayofunga kila kitu kwenye faili moja. Kila exe ya namna hii ikifunguliwa, hujikunjua kwanza kwenye folda ya muda ambayo jina lake huanza na _MEI, halafu ndiyo inaanza kazi. Kwa hiyo hukawia kufunguka, hasa kwenye mashine kuukuu. Ukiifunga, folda ile inafutwa. Sasa chukulia hifadhidata ya SQLite, inayokaa kwenye faili moja tu, uliielekeza ikae pamoja na skripti kwa kutumia __file__, inayotaja mahali skripti ilipo: mauzo ya kutwa yataandikwa ndani ya folda hiyo, na jioni yatakwenda nayo. Nembo na picha za kusomwa tu hazina shida, unaziongeza kwa --add-data na kuzifuata kupitia sys._MEIPASS, inayotaja ilipo folda ile ya muda. Data ya kuandikwa iweke kando ya exe yenyewe, mahali unapopapata kwa sys.executable, inayotaja ilipo exe, au kwenye folda ya mtumiaji.

Mimi ningempa mwenye duka folda nzima, yaani --onedir, na njia ya mkato kwenye deski. Inafunguka haraka, na antivairasi huwa haiishuku sana kama faili moja linalojifungua lenyewe.

Exe ya Windows ijengwe kwenye Windows. PyInstaller haikutolei ukiwa Linux. Kama kompyuta ya dukani bado ni Windows 7, tumia Python 3.8, kwani kuanzia 3.9 haikubali. Na nywila usiiandike ndani ya skripti ukidhani imefichika: vipo vyombo vya kuifungua exe hiyo na kutoa kilichomo.