Foleni isiyo na ajali: tunavyokosea kuhusu jam ya Nairobi

Jioni moja kwenye Thika Road, tumeipita Muthaiga tukielekea Roysambu, matatu yetu ilisimama ghafla. Mbele, taa za breki ziliwaka moja baada ya nyingine. "Lazima kuna ajali huko," akasema mama aliyekaa dirishani, na sote tukakubali. Baadaye barabara ikafunguka yenyewe. Hatukuona gari lililogongwa, wala polisi, wala hata kipande cha kioo kwenye lami.

Dhana hii kwamba foleni lazima iwe na chanzo mbele imetukaa sana. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la magari 22 yaliyozunguka duara lenye mzingo wa mita 230, kila dereva akiombwa kwenda kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na makutano wala steji, na bado foleni ilizuka. Dereva mmoja hupunguza mwendo kidogo; wa nyuma huchelewa kuona, akakanyaga breki kwa nguvu zaidi; wa tatu zaidi yake, mpaka kuna anayesimama kabisa. Magari huenda mbele, foleni hurudi nyuma kama wimbi, karibu kilomita 20 kwa saa. Huenda aliyetusimamisha sisi alikuwa ameshafika Githurai.

Nasikia pia kwamba hesabu haiwezi kumweleza dereva wa Nairobi. Haihitaji kumjua mmoja mmoja. Mwaka 1992 wanafizikia Nagel na Schreckenberg waliiga barabara kwenye kompyuta, wakaigawa katika vyumba vidogo, wakayapa magari kanuni chache: ongeza mwendo, usigonge wa mbele, na mara nyingine punguza tu bila sababu. Ukiiondoa hiyo ya mwisho, foleni za kuzuka zenyewe hutoweka.

Na barabara mpya? Si kila moja hupunguza msongamano. Mwanahisabati Dietrich Braess alionyesha mwaka 1968 kwamba kila mtu akijichagulia njia ya haraka zaidi kwake, njia ya ziada inaweza kuwachelewesha wote.

Kosa linalotugharimu kila siku ni kudhani anayeziba kila pengo ndiye anayewahi. Pengo ndilo linalomeza wimbi la breki. Nikipata dereva anayeacha nafasi mbele yake na kutambaa polepole badala ya kuruka na kusimama, abiria humpigia kelele kwamba amelala. Mimi humwambia aendelee hivyo hivyo.