Mwomba hifadhi si mkimbizi nusu

Katika miji mingi ya Uingereza kuna mashirika madogo ya hisani yanayojitambulisha kwamba yanasaidia wakimbizi na waomba hifadhi wanaozungumza Kiarabu. Habari zake zikifika kwetu kwa Kiswahili huwa zimeshakatwa: "shirika la wakimbizi wa Kiarabu." Chini yake hujitokeza msomaji mmoja mwenye uhakika wake: "Hao si wakimbizi, ni waomba hifadhi tu." Nimeisoma na kuisikia sentensi hiyo mara nyingi mno, na neno "tu" ndilo lenye sumu. Anayeisikia huondoka akiamini kwamba wapo wakimbizi wa kweli, waliokaa kambini wakasubiri zamu, halafu wapo hawa wengine waliokwenda kubahatisha.

Maana yenyewe ni fupi. Kwa Mkataba wa Geneva wa 1951 pamoja na Itifaki yake ya 1967, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, asiyeweza kurudi kwa sababu ana hofu ya msingi kwamba atateswa kwa ajili ya asili yake, dini yake, uraia wake, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Mwomba hifadhi ni mtu aliyeiambia nchi nyingine kwamba yeye ni mkimbizi na anaomba kulindwa, lakini hajajibiwa. Basi.

Kinachowatofautisha hakimo mwilini wala moyoni mwa mtu. Kimo kwenye faili lake. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lina kitabu cha mwongozo kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1979, na kinalisema jambo hili bila kuzunguka: mtu ni mkimbizi tangu anapotimiza masharti ya Mkataba, na lazima iwe hivyo kabla serikali haijaamua lolote. Hawi mkimbizi kwa sababu ametambuliwa. Anatambuliwa kwa sababu ni mkimbizi. Mgonjwa wa malaria naye haanzi kuugua siku majibu ya maabara yanapotoka.

Ni kweli kwamba si kila anayeomba hukutwa na sifa hizo. Wapo wanaokataliwa, na wengine hukataliwa kwa haki. Lakini kabla ya kuwasikiliza hakuna awezaye kuwachambua, na ndiyo maana Kifungu cha 33 cha Mkataba, kinachokataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, humkinga pia aliye kwenye foleni. Ukimfukuza kabla ya kumsikiliza, huenda umemfukuza mkimbizi.

Anayedhani "mwomba hifadhi" ni aina ya mtu aangalie yaliyowapata Wasyria. Serikali ya Assad ilianguka tarehe 8 Desemba 2024. Kesho yake Uingereza ikasimamisha uamuzi wa maombi ya Wasyria, na haikuanza tena hadi Julai 2025. Kwa miezi hiyo yote maelfu ya watu walibaki waomba hifadhi, akiwemo aliyekwisha kuhojiwa na kuambiwa asubiri barua. Hawakuwa wamebadilika kitu. Ofisi ndiyo iliyofunga daftari.

Mkanganyiko huu kwetu Afrika Mashariki una asili yake, wala si ujinga. Tumewajua wakimbizi kwa mafuriko. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Nani angeweka meza pale amhoji mmoja mmoja, "Wewe ulitishwa na nani, lini, shahidi yuko wapi?" Walihesabiwa kuwa wakimbizi kwa kuwa kilichowakimbiza kilionekana wazi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliipa njia hiyo nguvu, kwa kuwaingiza kwenye maana ya mkimbizi watu wanaokimbia uvamizi, kutawaliwa na wageni, au machafuko yaliyovuruga vibaya usalama wa nchi. Wasudani Kusini waliingia Uganda na Kenya kwa mlango huohuo wa kutambuliwa kwa kundi. Kwa hiyo mtu aliyekulia Kigoma, Ngara au Arua hakuona hatua ya katikati. Aliona watu wakivuka mpaka, wakiandikishwa, wakipewa turubai na sufuria, na tayari wakaitwa wakimbizi.

Uingereza hufanya mmoja mmoja, na huko ile hatua ya katikati huchukua miezi, pengine miaka. Ndani yake kuna maisha mazima ambayo neno "tu" linayafuta. Mwomba hifadhi hachagui mji wa kukaa. Serikali humpeleka penye nafasi. Haruhusiwi kufanya kazi. Ombi lake likikaa zaidi ya miezi 12 bila kosa lake anaweza kuomba kibali, lakini ni kwa kazi zilizoorodheshwa na serikali, si yoyote aitakayo. Aliyepangiwa nyumba ya kujipikia mwaka 2024 alikuwa akipewa pauni 49.18 kwa wiki, zinazoingizwa kwenye kadi maalumu, na humo zitoke chakula, sabuni, nauli na salio la simu. Aliye hotelini, anakopikiwa, hupewa pungufu sana ya hapo.

Sasa angalia linalotokea siku akikubaliwa, maana wengi hawalijui. Barua inakuja: umetambuliwa kuwa mkimbizi. Barua hiyohiyo ndiyo inayoanza kuhesabu siku za kutoka katika nyumba ya waomba hifadhi na za kukatwa ile posho. Kwa miaka mingi siku hizo zilikuwa 28, Desemba 2024 zikaongezwa kwa majaribio hadi 56, na Septemba 2025 zikarudishwa 28 kwa wengi wa watu wazima walio peke yao. Katika muda huo mtu ambaye jana alikuwa haruhusiwi kufanya kazi anatakiwa awe amefungua akaunti ya benki, ameomba ruzuku ya serikali, ametafuta kazi na amepata chumba kwa mwenye nyumba anayetaka mdhamini na kodi ya mwezi mbele. Wengi hulala nje baada ya kukubaliwa, si kabla.

Ndiyo maana mashirika hayo hutaja majina yote mawili, na aliyeweka yote mawili hakuwa anarefusha maneno. Kwa mwomba hifadhi kazi ni kumtafutia wakili, kumwandaa kwa mahojiano, kumsomea barua asizozielewa na kumsindikiza kwa daktari, pamoja na kumpa mahali pa kwenda mchana ili asishinde akitazama ukuta. Kwa mkimbizi ni mbio za nyumba, kazi, shule za watoto na, hadi Uingereza iliposimamisha maombi mapya Septemba 2025, ombi la kumleta mke aliyebaki Port Sudan au Kairo. Ukiwaita wote kwa jina moja, utawahudumia nusu na hutajua ni nusu ipi.

Kairo wamelifanya jambo hili lionekane kwa macho. Kwa miaka mingi UNHCR ndiyo iliyokuwa ikiwaandikisha watu Misri, na mwomba hifadhi alipewa kadi ya njano, mkimbizi aliyetambuliwa akapewa ya buluu. Wasudani waliokimbilia huko baada ya vita kuanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 walipanga foleni ndefu kwa ajili ya ile ya njano, kwa sababu hata hiyo ilikuwa ni kinga. Sheria mpya ya Desemba 2024 imeamua kazi hiyo ihamie kwenye kamati ya serikali. Njano na buluu ni rangi za karatasi, na familia moja yaweza kuwa nazo zote mbili, ilhali waliikimbia nyumba moja usiku mmoja.

Nirudi kwenye kipande kile kingine kinachokatwa vibaya. "Wanaozungumza Kiarabu" si "Waarabu," na hapa sisi Waswahili tungetakiwa kuwa wa kwanza kuelewa. Wanubi wa Kibera, Kenya, na wa Bombo, Uganda, wanazungumza Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha askari wa Sudan wa karne ya 19, na huko hawaitwi Waarabu. Katika milango ya mashirika hayo Uingereza wanaingia Wamasalit, Wafuri na Wazaghawa, makabila ya Darfur magharibi mwa Sudan, ambao wengi wana lugha zao za nyumbani na Kiarabu ni cha shule na sokoni. Wanaingia pia Wanuba wa milima ya Nuba nchini Sudan (si wale Wanubi), Wakurdi wa Syria na Iraq, na Wakristo wa Mosul. Mmasalit aliyekimbia mji wa El Geneina, Darfur, mwaka 2023 alikimbia wanamgambo wa Kiarabu waliokuwa wakiua watu kwa kuwa ni Wamasalit. Kumwandika yeye "mkimbizi wa Kiarabu" ni kumvika jina la waliomfukuza. Hili linaniuma kuliko lile la kwanza, kwa sababu asili yake ndiyo sababu yenyewe ya ombi lake.

Lugha ikishakuwa mlango, mkalimani naye anakuwa jambo zito. Kiarabu cha Morocco na cha Darfur vinaandikwa jina moja kwenye fomu, lakini Mmorocco na mtu wa Darfur wakiketi pamoja hawaelewani bila shida. Chukua neno dogo la "sasa": Mmorocco husema "daba," Msyria "halla," Msudani "hassa." Kwenye mahojiano ya hifadhi anayehoji hufuata mpangilio wa matukio: nini kilitangulia, nini kikafuata, ulikuwa wapi siku hiyo. Neno la wakati likitafsiriwa ovyo, maelezo hugongana, na maelezo yanayogongana huandikwa kwamba mwombaji haaminiki. Shirika linalomtafutia Msudani mkalimani wa Kisudani kabla ya siku ya mahojiano limemsaidia kuliko gunia la nguo. Wabajuni wanaijua shida hii vizuri. Waliofika Uingereza wakisema wametoka visiwa vya kusini mwa Somalia, matamshi yao yalichunguzwa ili ijulikane kama ni ya huko kweli au ni ya Kenya, na kesi ya mtu ikaning'inia kwenye namna anavyotamka maneno.

Limebaki neno moja ambalo vyombo vyetu vya habari hulitumia bila kuwaza: haramu. Kifungu cha 31 cha Mkataba kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari, amejitokeza kwa mamlaka bila kuchelewa na ametoa sababu ya kuridhisha. Waliouandika walijua kwamba anayekimbia hapati muda wa kupanga foleni ya viza. Tena Uingereza haina viza ya kwenda kuomba hifadhi. Ombi hutolewa mtu akiwa amekwisha kufika. Msudani wa El Fasher, mji mwingine wa Darfur, hana ubalozi wa kwenda kugonga. Na Wasudani waliosikilizwa Uingereza katika miaka ya 2023 na 2024, zaidi ya 9 katika kila 10 walipewa ulinzi. Hao ndio walioitwa "tu."

Kwa hiyo mtangazaji anaposoma kwamba "wahamiaji haramu 40 wameomba hifadhi," taarifa yake inajipinga yenyewe. Aliyeomba hifadhi amejitokeza mbele ya serikali, amechukuliwa alama za vidole, ana namba ya faili na anajulikana anapolala. Akikataliwa bado ana rufaa, na sehemu kubwa ya rufaa hizo hushinda. Hata aliyeshindwa aitwe aliyekataliwa ombi. Mtangazaji aseme "watu 40 wameomba hifadhi," na majibu yakitoka atuambie wangapi wametambuliwa.