Kubadilisha BIOS ya kadi ya grafiki bila kuiua

BIOS ya kadi ni programu ndogo iliyo ndani yake, inayoweka mipaka kama dari la wati. Kabla ya kutafuta faili lolote la kuibadilisha, sukuma kitelezi cha nguvu kwenye Afterburner (programu ya kurekebisha kadi) hadi mwisho, ipe kadi kazi nzito kwa dakika 10, kisha tazama mstari wa PerfCap Reason (sababu inayoibana kadi) kwenye GPU-Z, programu ya kusoma vipimo vya kadi. Ukisoma Pwr, kadi imegonga dari la wati, na BIOS yenye dari la juu itakufaa. Ukisoma Thrm au VRel, kinachokubana ni joto au volti. Hapo achana na BIOS kabisa.

Kadi za NVIDIA tangu kizazi cha Pascal (2016) hukagua saini ya kidijitali ya BIOS, kwa hiyo njia ya kawaida si kuihariri bali kuchukua BIOS halisi ya kadi nyingine yenye chipu ileile. Kazi kubwa ni kuichagua. Hesabu soketi za umeme: sloti ya PCIe hutoa wati 75, kila soketi ya pini 8 wati 150. BIOS ya kadi yenye soketi tatu ukiiweka kwenye yenye mbili, vipimo vya nguvu hupotoka, na kadi inaweza kuishia kula wati chache kuliko mwanzo. Linganisha pia mpangilio wa matundu ya HDMI na DisplayPort, la sivyo mojawapo litakufa, pamoja na idadi ya feni. Memori ndiyo huwaponza wengi: kama kadi yako ina chipu za Micron na BIOS inaitambua Samsung tu, utapata skrini yenye madoadoa au giza tupu.

Sasa hifadhi BIOS ya asili, na nakala moja uiweke kwenye flashi, nje ya kompyuta hiyo. Zima draiva ya kadi kwenye Device Manager, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike amri hizi za nvflash, programu ya kuandika BIOS ya kadi za NVIDIA (mpya.rom ni faili ulilolichagua):

nvflash64 --save asili.rom
nvflash64 --protectoff
nvflash64 mpya.rom

Wengi hubandika -6 kwenye amri ya mwisho kwa mazoea. Usianze nayo. Hiyo -6 huruka tofauti ya namba ya utambulisho wa kadi, na programu ikigoma bila hiyo, inakuambia faili hili ni la ubao mwingine. Rudi ukague soketi, memori na matundu. Vikilingana vyote, ndipo uitumie. Ikishaandika, washa draiva, kisha washa kompyuta upya.

Skrini ikibaki nyeusi, usikate tamaa. Kadi yenye swichi ya BIOS mbili, zima kompyuta, geuza swichi, washa. Windows ikifunguka rudisha swichi upande ulioharibika, kisha andika asili.rom. Isiyo na swichi, unganisha skrini kwenye grafiki ya prosesa na uandike kutokea hapo. Kadi isipoonekana kabisa, inabaki CH341A, kifaa cha USB cha kuandika chipu moja kwa moja, na klipu ya pini 8 juu ya chipu ya BIOS. Soma kwanza namba iliyochapwa mgongoni mwa chipu: nyingine ni za volti 1.8, na bila adapta ya volti hiyo CH341A inaweza kuiunguza.