Mlima kijani, msitu mwingine

Kaskazi ikivuma baada ya mvua kubwa za bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Umesimama gatini, juu hakuna wingu hata moja, na chini ni tope tupu. Hapo ndipo mabingwa wa baraza huanza: "Wamemaliza miti milimani huko!" Maneno yale yana ukweli ndani yake, ila umechanganywa na mengine.

Tuanze na hilo tope. Mto Athi hushuka kutoka vilima vya karibu na Nairobi, ukakutana na Tsavo utokao upande wa Kilimanjaro, ukaitwa Galana, na ukikaribia kwetu ndio Sabaki. Udongo mwingi huuchota njiani, kwenye mashamba na malisho ya Ukambani, wala si chini ya miti ya mlimani. Matumbawe yetu wenyewe ni mashahidi. Wanasayansi walipima bariamu, madini yaliyoletwa na udongo wa mto, katika tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Kwa karne mbili udongo ulikuja kwa kiasi kile kile; mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za mashamba ya walowezi, ukaanza kupanda. Msitu wa mlimani una kazi yake nyingine: hunasa mvua na ukungu, kisha huyaachia maji kidogo kidogo ili mito isikauke kiangazi.

Wengine husema msitu wa mlimani ulikuwa vile vile tangu dunia iumbwe, mpaka binadamu alipofika na shoka. La. Chavua, yaani unga wa maua, iliyozama katika matope ya Sacred Lake, ziwa dogo la Mlima Kenya, inaeleza mengine. Leo ziwa hilo limezungukwa na msitu mzito. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati wa baridi kali, palikuwa na nyasi na vichaka, na msitu ulikuwa umeshuka chini sana mlimani. Tofauti ni mwendo: yale yalichukua maelfu ya miaka, haya ya sasa babu na mjukuu wanayaona.

Kuna na hii ya wasomi kidogo: eti joto likizidi, miti nayo itapanda juu. Kilimanjaro imekuwa kinyume. Ukame uliwasha moto mara kwa mara kwenye msitu wa juu, na mpaka wa miti ukashuka.

Lakini dhana inayonikera kuliko zote ni ya kwamba mlima ukiwa kijani, msitu upo. Nenda Taita. Watafiti walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na za mwaka 2004. Ukipima eneo lenye miti, limepungua kwa asilimia 2 tu. Mtu angesema hapana neno. Ukitenganisha miti ya asili na ya kigeni, unakuta nusu ya msitu wa asili imekwenda. Pengo limezibwa na misonobari, mikaratusi na misaiprasi iliyopandwa. Siidharau miti hiyo. Hutoa mbao na kuni, na pengine imeiokoa miti ya asili isikatwe. Ila chini ya msonobari ni sindano kavu tupu. Vipande vya asili kama Ngangao na Mbololo vina viumbe vyao. Kuna ua dogo la zambarau la Mbololo lisiloota porini popote duniani nje ya vilima vya Taita.

Na sisi wa pwani tusiwacheke Wataita. Muulize mtoto wa Malindi mti wa kwao ni upi, atakuonyesha mwarobaini uani. Mti huo asili yake ni Bara Hindi, na sasa unajiotea wenyewe hadi ndani ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda.